Vidonge vya Madini na Tezi za Wazee Wetu

Kwa muda sasa vimekuwa vikiuzwa mijini, katika baadhi ya maduka na hata juu ya meza za masokoni, vichupa vya vidonge vya madini ambavyo wauzaji wake huwaambia wazee kwamba ni kinga ya maradhi ya tezi dume. Juu ya vichupa hivyo yameandikwa majina ya zinki na seleni, na aghalabu pamebandikwa picha ya mzee mwenye afya njema anayecheka. Mzee mmoja wa makamo ya miaka 70, mvuvi aliyekwisha kutundika nyavu zake, alituletea kichupa kimoja cha namna hiyo hapa ofisini akatuomba tumsomee maandishi. Alikuwa amekwisha kumaliza vichupa vitatu kwa muda wa miezi tisa. Miezi yote hiyo alikuwa akiamka mara nne na mara tano usiku kwenda haja ndogo, na siku za karibuni alikuwa akiona damu. Hospitali alikuwa bado hajafika.

Habari ya mzee huyo ndiyo inayotufanya tuandike leo, kwani hatudhani kwamba yuko peke yake.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba hatusemi kuwa habari hii ya madini katika damu na saratani ya tezi dume ni uzushi mtupu. Lau ingekuwa uzushi mtupu kazi yetu ingekuwa nyepesi. Wauzaji hawa wamejenga maneno yao juu ya kipande cha kweli, na ni wajibu wetu kukieleza kipande hicho kabla ya kuonyesha pale kilipopotoshwa.

Damu ya mwanadamu huchukua madini ya aina nyingi kwa vipimo vidogo mno: zinki, shaba, seleni na mengineyo. Mahitaji ya mtu mzima ya seleni kwa siku nzima ni kiasi cha mikrogramu 55, yaani gramu moja ikigawanywa sehemu milioni, yeye huhitaji sehemu 55 tu. Udogo huo usimdanganye mtu. Katika wilaya ya Keshan, kaskazini mashariki ya China, ambako udongo una upungufu mkubwa wa seleni, watu wengi, hasa watoto na wanawake, walikufa kwa maradhi ya moyo yaliyotambuliwa huko mwaka 1935 na kupewa jina la wilaya hiyo, na baadaye vidonge vya seleni vilisaidia sana kuyazuia. Walakini seleni hiyo hiyo ikizidi ni sumu. Nywele hunyonyoka, kucha hudondoka, na mishipa ya fahamu huharibika. Mwaka 2008 huko Marekani watu 201 walidhurika kwa sababu ya dawa moja ya maji ya kuongeza nguvu iliyotiwa seleni mara 200 ya kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Hayo yalitokea katika nchi yenye maabara na wakaguzi tele. Sisi tunaouziwa vichupa visivyojulikana vimepita bandari gani tuna sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Ama zinki, uhusiano wake na tezi dume ni wa ajabu. Tezi hii, ambayo kwa kijana ukubwa wake ni kama wa tunda dogo la kungumanga, imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mfereji wa mkojo. Hukusanya zinki kuliko karibu viungo vyote laini vya mwili, na huikusanya kwa kazi maalumu: zinki ndiyo inayoiwezesha kutoa, katika maji ya uzazi, asidi ile ile iliyomo katika ndimu na limau. Chembe hai za tezi zinapogeuka kuwa saratani hupoteza uwezo wa kuikusanya zinki hiyo, na kwa hivyo nyama ya tezi yenye saratani ikipimwa hukutwa imepungukiwa mno. Hapa ndipo muuzaji anapoingilia kati. Tezi gonjwa haina zinki, asema, basi mzee na anywe zinki. Maneno haya huingia akilini upesi, lakini yamegeuzwa nyuma mbele. Maji yakikupwa ngalawa hukaa mchangani, na hakuna mvuvi aliyewahi kuyajaza maji kwa kuinyanyua ngalawa. Upungufu wa zinki katika tezi iliyokwisha kushikwa na saratani ni alama ya maradhi yenyewe, na kidonge kinachopita tumboni hakirudishi uwezo ambao chembe hizo zimekwisha kuupoteza. Zaidi ya hayo, mwaka 2003 ilitangazwa habari ya wanaume 46,974 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 14. Waliokuwa wakimeza zaidi ya miligramu 100 za zinki kwa siku walipatwa na saratani ya tezi iliyokwisha kusambaa zaidi ya mara mbili ya wale wasiomeza. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi peke yake kwamba zinki ndiyo iliyoleta maradhi. Lakini mtu anayeuza kinga anapaswa kuonyesha kinga, na hapa haionekani.

Kisa cha seleni ni kirefu zaidi na chafaa kusimuliwa chote, maana ndicho kinachotajwa sana na wauzaji, nao hukisimulia nusu. Mwaka 1996 yalitangazwa huko Marekani matokeo ya majaribio ya watu 1,312 waliowahi kuugua saratani ya ngozi. Baadhi yao walipewa mikrogramu 200 za seleni kila siku, wengine wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Saratani ya ngozi haikupungua. Lakini wataalamu walipohesabu saratani nyingine waliona, pengine kwa mshangao wao wenyewe, kwamba saratani ya tezi dume ilikuwa imepungua kwa karibu theluthi mbili miongoni mwa waliopewa seleni. Habari hiyo ilienea duniani kama moto wa makumbi, na biashara ya vidonge ikashamiri.

Nusu ya pili ya kisa haikuenea hivyo. Wataalamu, kwa uadilifu unaostahili kusifiwa, hawakutosheka na hesabu iliyopatikana kwa bahati. Kuanzia mwaka 2001 walikusanya wanaume 35,533 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, wakawagawa kwa kura katika makundi manne: wa seleni, wa vitamini E, wa vyote viwili, na wa vidonge vitupu. Ilikusudiwa wafuatiliwe kwa miaka mingi. Mwaka 2008 wakaamriwa waache kuvimeza vidonge kwa kuwa faida haikuonekana. Mwaka 2011 ikadhihirika kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipatwa na saratani ya tezi kwa asilimia 17 zaidi: kwa muda wa miaka saba, watu 76 katika kila 1,000, hali ya kuwa kwa wale wa vidonge vitupu walikuwa 65. Kisha, mwaka 2014, walipotazama kiasi cha seleni alichokuwa nacho kila mtu kabla ya kuanza majaribio, kipimo kilichochukuliwa katika kucha za vidole vya miguu, waliona jambo zito zaidi. Wale waliokuwa tayari na seleni nyingi mwilini, wakaongezewa vidonge vya seleni, hatari yao ya kupata saratani kali ya tezi ilipanda kwa asilimia 91. Na mwaka uliofuata ukatangazwa utafiti mwingine wa wanaume 4,459 waliokwisha kuugua saratani hiyo. Waliokuwa wakimeza mikrogramu 140 au zaidi za seleni kwa siku walikufa kwa saratani ya tezi zaidi ya mara mbili na nusu ya wale wasiomeza. Na hao ndio hasa wanaokifuata kichupa kwa pupa, yaani wenye maradhi tayari.

Vipi basi majaribio ya kwanza yakaonyesha faida na ya pili yakaonyesha madhara? Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba watu wa majaribio ya kwanza walitoka sehemu ambazo seleni katika udongo ni haba, na walionufaika miongoni mwao ni wale waliokuwa na kiasi kidogo katika damu zao tangu mwanzo. Aliyepungukiwa alipewa alichokikosa. Aliyetosheka alijazwa kupita kiasi.

Sisi wa visiwa hivi hatuna haja ya kwenda Marekani kujifunza jambo hili, kwani tulilipata hapa hapa nyumbani, na kwa gharama kubwa. Mwaka 2002 yalianza huko Pemba majaribio makubwa ya kuwapa watoto wadogo madini: chuma pamoja na asidi ya foliki, na zinki. Nia ilikuwa njema kabisa. Watoto wetu wengi walikuwa na upungufu wa damu, na hakuna aliyetazamia kwamba chuma kingeweza kuwadhuru. Ilipofika Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa, kwa sababu watoto waliokuwa wakipewa walikuwa wakilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wenzao. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006, ya watoto zaidi ya 24,000, yalionyesha kwamba vifo na kulazwa vilizidi kwa asilimia 12. Malaria ilikuwa nyingi, na mtoto asiyepungukiwa na chuma akikiongezewa hupata hatari badala ya nguvu. Watoto waliopimwa damu na kukutwa wamepungukiwa kwa kweli, hao walinufaika. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mashauri yake kwa nchi zote zenye malaria kwa sababu ya yale yaliyoonekana Pemba.

Tunaikumbusha habari hiyo si kwa kulaumu. Wazazi wa Pemba waliufundisha ulimwengu kwamba madini hupewa mtu baada ya kupimwa, si kabla. Ingekuwa aibu kubwa kwetu ikiwa ulimwengu umejifunza na sisi tumesahau, mpaka leo babu wa mtoto yule yule anajimezea madini kwa kuangalia picha juu ya chupa.

Wako wanaouliza kama sisi wa pwani tumepungukiwa na seleni. Katika bara, mathalani nchini Malawi, wataalamu wameona kwamba seleni katika mahindi na katika damu za watu hutofautiana sana kwa kufuata udongo wa mahali, na sehemu nyingi upungufu ni wa kweli. Lakini mtu wa kisiwani haishi kwa mahindi peke yake. Samaki, kaa na chaza ni miongoni mwa vyakula vyenye seleni nyingi kuliko vyote, na chaza huongoza vyakula vyote kwa zinki. Mzee aliyekula changu na pweza maisha yake yote ana dalili ndogo ya kuwa maskini wa madini haya. Tunasema dalili, hatusemi hakika, na ndiyo maana tunataka wazee wa Unguja na Pemba wapimwe damu zao wenyewe. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, imekwisha kushiriki katika chunguzi kubwa zilizosomwa dunia nzima. Hii ni kazi inayostahili kupewa.

Yako pia madini ambayo mwili hauyahitaji hata chembe, na juu ya haya muuzaji wa vidonge hasemi neno. Kadimi ni mojawapo. Huingia mwilini hasa kwa moshi wa tumbaku, hata damu ya mvutaji sigara hukutwa na kadimi mara nne au tano ya damu ya asiyevuta, na ikishaingia katika mafigo hukaa humo kwa miaka kumi, ishirini au zaidi. Mwaka 1965 ilitolewa habari kutoka Uingereza kwamba miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha betri waliovuta vumbi la kadimi kwa miaka mingi vilionekana vifo vya saratani ya tezi dume kupita ilivyotazamiwa. Chunguzi za baadaye kwa wafanyakazi wa namna hiyo hazikuthibitisha vyema jambo hilo. Tangu mwaka 1993 kadimi imewekwa katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani bila ya shaka kwa ajili ya saratani ya mapafu, ama kwa tezi dume ushahidi bado ni dhaifu. Hata hivyo, mzee anayetaka kuitakasa damu yake kwa madini angeanza kwa kutupa sigara. Na Mabaraza ya Miji nayo yangeacha kuziachia betri zilizokwisha zichomwe moto majaani pamoja na maganda ya muhogo.

Tuje sasa kwa damu inayofaa kupimwa. Mzee aliyefika hospitali na matatizo ya mkojo hapimwi zinki wala seleni. Hupimwa protini inayotolewa na tezi yenyewe, iitwayo PSA, na daktari huipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. PSA ikipanda si lazima iwe saratani, kwani hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida wa uzee na kwa maambukizo. Wazee wengi tezi zao hukua bila ya saratani yoyote, na dawa zao zipo. Pakiwa na shaka hukatwa vinyama vidogo vikatazamwa kwa hadubini, na hapo ndipo hukumu hutolewa. Saratani ikigunduliwa ingali ndani ya tezi huweza kuondolewa kwa upasuaji au kwa mionzi. Ikishaingia katika mifupa ya uti wa mgongo na nyonga, dawa za kuzuia homoni za kiume humpa mgonjwa nafuu na muda, lakini kuponya ni jambo jingine.

Wanaume wetu, tuseme kweli, huogopa kile kidole kuliko wanavyoiogopa saratani. Barazani watazungumza siasa, mpira, bao na mahari, lakini habari ya mkojo haizungumzwi hata baina ya ndugu wawili wa tumbo moja, ingawa mtu ambaye baba yake au ndugu yake aliugua saratani hii ana hatari kubwa zaidi ya kuugua naye. Kichupa cha madini hununuliwa kwa siri na kumezwa kwa siri, na huo ndio mvuto wake mkubwa. Humpa mzee njia ya kujitibu bila ya kuvua nguo mbele ya daktari ambaye pengine ni mtoto wa jirani yake. Hatumcheki. Lakini saratani ya tezi dume, ambayo mwaka 2022 iliwapata wanaume wapya wapatao milioni 1.47 duniani na kuua karibu 400,000, ndiyo inayoongoza kwa wanaume katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, na watu wenye asili ya Afrika wana hatari zaidi. Miezi tisa ya mzee wetu ilikuwa ni miezi tisa ya maradhi, yawe saratani au yasiwe, kuachiwa yafanye yatakavyo.

Kwa wakuu wa Serikali tuna maneno machache. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar una sheria mkononi tangu mwaka 2006. Tunauomba ukague vidonge hivi, upime kilichomo, na uzuie kichupa chochote kinachodai kukinga au kuponya saratani. Mwenye duka anayeuza vitamini kama vitamini hatuna ugomvi naye. Anayemwambia mgonjwa wa saratani asiende hospitali, huyo anastahili kufikishwa mbele ya sheria.

Lakini kuzuia vichupa peke yake hakutoshi, na pengine si haki, ikiwa kile tunachomtaka mzee akifuate kiko mbali naye. Mtu wa Micheweni, Kojani au Makoongwe akiambiwa akapime PSA, na kisha akakatwe kinyama, ana haki ya kuuliza wapi, lini na kwa nauli ya nani. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa saratani wamevuka maji kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kutafuta tiba ya mionzi, na wako waliouza minazi yao ili wavuke. Tunaitaka Wizara ya Afya itangaze wazi, hospitali kwa hospitali, Unguja na Pemba, ni wapi mzee anaweza kupimwa tezi, siku gani, na majibu hurudi baada ya siku ngapi. Pale ambapo kipimo hakipo, isemwe kuwa hakipo na kitaletwa lini. Kadhalika masheha, ambao huwajua wazee wao kwa majina, wapewe maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: mwanamume aliyepita miaka 50, au 45 ikiwa katika ukoo wake imo saratani hii, akazungumze na daktari hata kama haumwi, na anayeona damu katika mkojo asisubiri wiki ya pili.

Na majina ya vijiji wanakotoka wagonjwa yaandikwe. Pasipo daftari la saratani lililojazwa kwa uaminifu katika kila hospitali, hatutajua kamwe kama wazee wa Nungwi wanaugua zaidi ya wa Makunduchi, wala kama ni kwa chakula, kwa tumbaku, kwa asili au kwa kuchelewa tu, na mlango utabaki wazi kwa kila anayetaka kutusimulia lolote juu ya damu zetu.

Mzee aliyetujia tulimsindikiza hadi hospitali tukamwacha mikononi mwa daktari, na kipimo cha damu alichukuliwa siku ile ile. Kichupa chake cha nne, ambacho hakijafunguliwa, kiko hapa ofisini kwetu, na afisa yeyote wa Wakala anayependa kukichukua akakipime anakaribishwa siku yoyote ya kazi.